Kutaga Si Kazi, Kazi ni Kulisha

Wageni wakishakaa kidogo mbele ya matangi yangu, swali huwa lile lile: unawafanyaje samaki hawa mpaka wakazaa? Huwa nacheka. Samaki hawangoji ruhusa ya mtu. Wakishiba, maji yakiwa safi na joto likiwatosha, watataga, tena mara nyingi ni asubuhi ile ambayo wewe unakimbilia kazini. Kwa miaka niliyofuga nimeona kwamba ugumu wa hobi hii huanza mayai yanapoanguliwa, na sehemu kubwa ya ugumu huo ni chakula. Anayezalisha samaki wa mapambo nyumbani, ukweli ni kwamba anafuga minyoo na vijidudu visivyoonekana vizuri kwa macho. Samaki huja baadaye.

Anayewadanganya watu ni gapi (Poecilia reticulata). Huyu hatagi. Huzaa vifaranga waliokamilika, wenye macho, mapezi na akili ya kujificha, kila baada ya wiki nne hivi. Jike akishapandwa mara moja huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa, ndiyo maana mtu humnunua jike mmoja, akamweka peke yake, na bado akapata uzao juu ya uzao. Kifaranga wa gapi akitoka tu tumboni anaweza kula chakula kikavu kilichosagwa kati ya vidole viwili. Mama yake atamla akimpata, lakini rundo zito la majani yanayoelea juu ya maji huwaokoa wengi. Vile visanduku vya plastiki vya kumtenga mama sivipendi kabisa: jike anabanwa, anahangaika, na wakati mwingine huzaa kabla ya siku zake. Majani yanafanya kazi hiyo hiyo bila kumtesa yeyote. Basi kwa gapi kila mtu ni mzalishaji hodari. Anajipa moyo, anahamia kwa samaki wa mayai, na huko ndiko vilio viliko.

Wa kwanza kwa wengi huwa beta (Betta splendens), na kusema kweli ni samaki wa kukalia kiti na kumtazama. Jozi huilisha chakula hai kwa wiki moja au mbili, dume na jike wakiwa wametengwa kwa kioo ili waonane bila kugusana. Maji ya tangi la kuzalia yawe ya kina kifupi, sentimeta 10 hadi 15, joto nyuzi 27 au 28, na pasiwe na mkondo. Dume hupuliza mapovu yenye ute akajenga kiota juu ya maji, hasa chini ya jani linaloelea. Jike aliye tayari huonyesha mistari ya wima ubavuni na kumwendea dume kichwa kikiwa kimeinama. Asiye tayari atapigwa, kwa hiyo lazima awe na pa kujificha. Wakipatana, dume humzungushia jike mwili wake, mayai yanadondoka machache machache, naye anayafuata, anayaokota kwa mdomo na kuyatia kiotani. Kazi ikiisha, jike aondolewe mara moja, maana tangu hapo mlezi ni baba, na kila anayesogea ni mwizi. Baada ya siku moja hadi mbili mayai huanguliwa. Vifaranga wananing'inia kiotani mikia chini, wanaoanguka baba anawarudisha, mpaka siku ya pili au ya tatu wanapoanza kuogelea wenyewe. Hapo baba naye atolewe.

Kufikia hapo wengi hupiga picha na kutangaza ushindi. Mimi hapo ndipo ninapoanza kuwa na wasiwasi.

Jozi moja inaweza kukuachia vifaranga mia na zaidi, kila mmoja ni kama kipande cha uzi chenye macho mawili. Kiini walichotoka nacho ndani ya yai kimekwisha. Ukiwamwagia chakula kikavu, hata ukikisaga kikawa vumbi, wengi hawakitambui, kwa sababu hakisogei, na kifaranga mdogo huwinda kinachosogea. Vumbi lile linazama, linaoza, maji yanaharibika. Kwa mtazamaji, tangi limejaa chakula. Waliomo ndani wanakufa njaa. Tena hawafi kwa pamoja ukashtuka. Leo wanaonekana wengi, kesho wamepungua kidogo, keshokutwa unajiuliza kama wamejificha. Maiti huzioni, maana miili midogo vile huoza upesi au huliwa na konokono. Mwenye tangi anasema ni ugonjwa, anatia dawa, na dawa inamalizia waliobaki.

Kwa hiyo mimi huanzia nyuma. Kabla sijakutanisha dume na jike, vyakula vya watoto wao viwe vimeshakuwa tayari kwenye chupa, na si chupa moja.

Cha kwanza ni infusoria, yaani viumbe wa seli moja kama paramesia. Nachukua chupa ya kioo, natia maji ya tangi la zamani na kipande cha jani kavu au la letusi, naiweka penye mwanga. Siku za mwanzo maji yanakuwa meupe kama ukungu na kunuka: hao ni bakteria wanaokula jani. Baadaye yanaanza kung'aa tena, kwa sababu viumbe wakubwa kidogo wanawala bakteria. Ukiinua chupa mbele ya taa utaona vumbi linalotembea. Hapo ndipo pa kulisha, matone kadhaa mara kadhaa kwa siku. Anayemwaga maji yakiwa bado meupe anawalisha vifaranga wake uozo. Chupa huzianzisha kwa kupishana siku, ili moja ikichoka nyingine iwe imeiva.

Minyoo wa siki ndio kipenzi changu, labda kwa sababu wanavumilia uvivu. Siki na maji nusu kwa nusu, kipande cha tufaha, mbegu kidogo ya minyoo kutoka kwa mfugaji mwingine, basi. Baada ya mwezi hivi chupa inajaa, na hukaa miezi bila kuomba chochote. Shida ni kuwatoa bila kuwapelekea samaki siki. Dawa yake ni chupa yenye shingo nyembamba: jaza mchanganyiko mpaka mwanzo wa shingo, sukumia pamba ilowe, kisha juu ya pamba tia maji ya kawaida yasiyo na siki. Minyoo hupanda kutafuta hewa, wanapenya pamba, na asubuhi unawavuta kwa bomba la sindano wakiwa ndani ya maji safi. Uzuri wao ni kwamba huishi siku kadhaa ndani ya tangi na huogelea katikati na juu ya maji, mahali wanapokaa vifaranga wa beta.

Wako pia minyoo wa uji, wanaokuzwa juu ya uji mzito wa oti na chembe ya hamira. Wakishazaana hupanda kuta za kopo, unawafuta kwa kidole na kukisuuza ndani ya tangi. Rahisi mno, ila wanazama na hawakai muda mrefu, kwa hiyo nawapa vifaranga wanaotafuta chakula chini. Harufu ya kopo lililochakaa ni jambo la kujadiliana na mnaoishi nao nyumba moja.

Lakini mfalme wa yote ni artemia, kamba mdogo wa maji ya chumvi. Mayai yake hukaushwa na kuuzwa, mengi yakivunwa katika ziwa la chumvi la Great Salt Lake, Utah, Marekani, na yakitunzwa pakavu penye baridi hukaa muda mrefu yakiwa hai. Kwangu huyatotolesha ndani ya chupa iliyopinduliwa, maji lita 1 na chumvi gramu 25 hivi isiyo na viongezo, joto nyuzi 26 hadi 28, taa karibu, na pampu ya hewa ikipuliza kwa nguvu kutoka chini ili yai lolote lisitulie. Baada ya saa 24, au zaidi kidogo maji yakiwa ya baridi, chupa inageuka rangi ya chungwa. Nazima pampu na kungoja dakika kumi. Maganda yanaelea, mayai yaliyogoma yanazama, na watoto wa artemia wanakusanyika penye mwanga. Nawavuta kwa mpira mwembamba, nawachuja kwenye kitambaa laini na kuwasuuza. Maganda ni ya kuepuka kwa bidii, kwani yakimezwa yanaweza kumziba kifaranga utumbo.

Wasichoandika kwenye pakiti ni kwamba artemia ana saa zake. Anapoanguliwa amebeba mafuta na protini za kiini chake, na hiyo ndiyo lishe unayoilipia. Baada ya saa sita hadi nane hivi anajibadili ngozi, ameshatumia sehemu ya akiba hiyo, amekuwa mkubwa na mwepesi wa kukimbia. Ukimpa kifaranga artemia wa jana umempa ganda linalocheza. Ndiyo maana ninazo chupa mbili zinazopishana, na kila siku navuna wa siku hiyo. Kipimo changu cha shibe si saa wala kijiko, ni tumbo. Kifaranga aliyekula artemia huwa na tumbo la rangi ya chungwa unaloliona wazi kupitia ngozi yake. Dakika ishirini baada ya kulisha napitisha tochi pembeni ya tangi. Matumbo ya chungwa yakiwa mengi, naenda zangu. Yenye rangi ya maji yakiwa mengi, kuna kitu: artemia ni wakubwa kuliko midomo yao, au wamekufa kabla ya kuliwa, maana ndani ya maji yasiyo na chumvi hawaishi zaidi ya saa chache.

Ukilisha hivyo mara nne kwa siku, adui anayefuata ni maji. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na mabaki yanayooza huongeza nyingine. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na ukali ule, lakini bakteria hao hawaji siku ile ile unapofungua tangi jipya. Huchukua wiki kadhaa kujijenga. Vifaranga hawana wiki hizo. Kwa sababu hiyo huwa na sponji za akiba zinazofanya kazi muda wote ndani ya tangi la wakubwa, na mayai yakianguliwa nahamisha moja, imeshajaa bakteria. Kichujio cha sponji kinachoendeshwa na hewa kina faida nyingine mbili: hakimfyonzi kifaranga, na juu yake huota vijidudu ambavyo utawaona wadogo wakivichuna kutwa nzima. Vifaa vikubwa vya gharama waachie wenye matangi ya maonyesho.

Maji nabadilisha kidogo kidogo kila siku, si mengi kwa wiki. Maji mapya yawe na joto lile lile na yaingie taratibu kwa mpira wa hewa wenye tundu dogo. Ya bomba yasafishwe kwanza: klorini huondoka maji yakilala wazi siku moja, lakini kloramini haiondoki hivyo, inahitaji dawa yake. Kumbuka pia kwamba pH ikipanda, yaani maji yakipungua asidi, na joto likipanda, ile ile amonia iliyokuwa ikivumilika inakuwa sumu zaidi. Kwa beta ongeza mfuniko. Wakifika wiki kama tatu au nne wanaanza kuvuta hewa juu ya maji kwa kiungo chao cha labirinthi, na hewa ya juu ikiwa baridi kuliko maji unaweza kuwapoteza waliookoka yote hayo.

Skalari (Pterophyllum scalare) walinifundisha mambo mengine. Dume na jike hutofautiana kidogo mno, kwa hiyo njia ya amani ni kununua wadogo sita na kuwaacha wachaguane. Siku jozi inapopatikana utajua, kwa sababu wawili hao watateka nusu ya tangi na wengine watasukumwa pembeni. Hutaga kwenye jani pana au kipande cha mwamba kilichosimama wima, wakisafisha kwanza kwa midomo, kisha mistari ya mayai inapangwa juu kwa chini. Kwa nyuzi 27 au 28 huanguliwa baada ya saa 60 hivi, vifaranga hujigandisha kwenye jani kwa tezi zilizo kichwani, na huchukua siku kama tano zaidi kabla ya kuogelea.

Hapo wafugaji tumegawanyika. Jozi changa mara nyingi huyala mayai ya mwanzo, na wengi wameamua kuyatoa, kuyatia kwenye chombo chenye hewa na matone ya methilini buluu ili kuvu kutoka mayai meupe yaliyokufa isiyafikie yaliyo hai. Unapata vifaranga wengi zaidi hivyo, sibishi. Mimi hata hivyo huwaachia wazazi. Wakila, wale, watataga tena baada ya wiki chache, na kila mara wanakaa na mayai muda mrefu kidogo. Anayetaka idadi atoe mayai. Mimi nafuga ili nione baba na mama wakipishana zamu ya kupepea jani kwa mapezi, na wakihamisha watoto kwa mdomo kutoka jani hadi jani, jambo ambalo chupa ya plastiki haifanyi.

Koridora, kambare wadogo wa mapambo, nitawapitia haraka, ni rahisi wakishakubali. Siri yao ni mvua. Walishe vizuri, punguza maji, halafu jaza maji yenye baridi ya nyuzi chache chini ya yale ya tangi. Kwao msimu umebadilika. Jike hubeba mayai machache kati ya mapezi yake ya tumboni na kuyabandika kwenye kioo, moja baada ya jingine. Ni magumu na yananata, unaweza kuyaviringisha kwa kidole na kuyahamisha bila kuyapasua. Wakubwa wakibaki nayo watayala yote kabla jua halijatua.

Aliyenipindua mawazo kuliko wote ni Nothobranchius guentheri, samaki wa madimbwi ya msimu kisiwani Unguja. Dimbwi likikauka wazazi wanakufa, mayai yanabaki ndani ya tope mpaka mvua irudi. Nyumbani unawapa bakuli la makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuchemshwa, wanazika mayai humo. Unakamua makumbi mpaka yabaki na unyevu tu, unayafunga kwenye mfuko, unaandika tarehe, unayaweka kabatini miezi mitatu hivi. Ukichungulia kwa kioo cha kukuzia na kuona macho ndani ya mayai, yamwagie maji ya baridi. Ndani ya saa chache wadogo wanaogelea, na wanameza artemia siku hiyo hiyo. Si wote. Mayai mengine hayaamki, hata yakiwa mazima. Kausha makumbi tena, rudia baada ya wiki chache, na kundi jingine litatoka. Huko porini mvua ya kwanza inaweza kuwa ya uongo, na mama hakuweka watoto wake wote kwenye mvua moja. Kwangu mimi ni samaki bora wa kuanzia mayai, maana tarehe ya kuanguliwa unaipanga wewe, na chakula unakiandaa kwa kalenda. Sielewi kwa nini watu wanaanza na beta.

Tatizo la mwisho ni la kufanikiwa. Ukifaulu kulisha, utabaki na samaki wengi kuliko matangi. Beta madume wakifikisha miezi miwili au mitatu huanza kuraruana, na kila mmoja anadai chombo chake. Piga hesabu ya uzao wa mia. Gapi ukiwaacha bila kutenganisha madume na majike, dada anazaa na kaka, na baada ya vizazi kadhaa migongo inaanza kupinda. Mimi huchagua wazazi mapema, wenye uti ulionyooka na hamu ya kula, rangi baadaye, na mara kwa mara nabadilishana dume na mfugaji mwenzangu. Wenye ulemavu mkubwa siwazalishi na simpi mtu. Siklidi (jamii ya akina skalari na perege) wanaoatamia mayai mdomoni nawaweka aina moja kwa tangi, kwa kuwa majike wa aina mbalimbali hufanana na mchanganyiko ukitokea hakuna atakayejua tena ana samaki gani.

Wa ziada wasimwagwe mtoni wala bwawani, hata kwa huruma. Gapi walisambazwa nchi nyingi mno nje ya kwao Amerika ya Kusini kwa tumaini kwamba wangemaliza viluwiluwi vya mbu, na leo wamejaa mahali ambapo samaki wenyeji ndio waliopaswa kuwepo. Kama huna wa kumpa, usitotoleshe. Acha wazazi wayale mayai. Hata hiyo ni lishe.

Anayekuja kwangu kuomba vifaranga simpi siku hiyo. Nampa chupa ya minyoo wa siki na kopo la minyoo wa uji, namwonyesha jinsi ya kuvuna, namwambia arudi baada ya wiki tatu na vyote viwili vikiwa hai. Wengine hawarudi. Wanaorudi huja na swali lililo bora kuliko la wageni wangu wengine: artemia akianguliwa saa tisa usiku, nani anaamka kumvuna?